Filta ya kukinga lenzi: baharini ivae, usiku ivue

Ndugu yetu mmoja ametuandikia: amenunua lenzi ya milimita 70-300, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Muuzaji amemshikilia achukue na filta ya UV, kioo bapa kinachofungwa mbele ya lenzi kuzuia miale ya urujuanimno ya jua, ati bila hiyo lenzi haimalizi mwaka. Rafikiye naye, mpiga picha, kamwambia filta ni kuharibu lenzi ya bei kwa kipande cha kioo cha dirisha. Sasa anauliza amsikilize nani, na mwishoni kaulizia pia filta ya polaraiza. Mimi kazi yangu ni harusi na picha za mahoteli huku Mombasa, na naona wote wawili wamesema kweli, ila hakuna aliyesema wapi na saa ngapi.

Hiyo habari ya UV iweke kando kwanza. Filamu za kamera za zamani ndizo zilizokuwa zikisumbuliwa na miale ya urujuanimno. Picha za baharini na za milimani zilitoka na ubuluu na utando. Kamera ya dijitali tayari ina kioo mbele ya sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na kioo hicho kinazuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kwa hivyo filta unayouziwa leo ni ngao tu, haiongezi chochote kwenye picha. Swali ni kama inapunguza.

Mchana, jua likiwa mgongoni, filta ya maana haipunguzi kitu unachoweza kukiona. Funga kamera kwenye tripodi, piga ukuta wa Fort Jesus ukiwa na filta, ivue, piga tena, kisha zikuze picha zote mbili kwenye kompyuta. Utatafuta tofauti mpaka macho yaume. Wanaobishana kuhusu hili kwa picha za mchana wanapoteza bando zao bure.

Mambo hubadilika usiku. Kioo kisichopakwa mipako, yaani ule utando mwembamba wa kupunguza mwako, hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande, na filta ina pande mbili, basi hesabu ni karibu asilimia 8. Kilichopakwa vizuri hushuka chini ya asilimia 1 kwa kila upande. Asilimia 8 haiwezi kukutisha mpaka uelewe inakwenda wapi. Mwanga wa taa hupita kwenye lenzi na kufika kwenye sensa. Sensa nayo inang'aa kama kioo, hivyo sehemu ya mwanga ule hugeuka na kurudi mbele ilikotoka, ukakutane na filta. Vioo vya lenzi vingi vimepinda, mwanga ukirudishwa navyo hutawanyika ovyo. Filta ni bapa. Inaurudisha ulivyo, na taa yako moja inakuwa mbili.

Ukitaka kuiona kwa macho yako, nenda ufukwe wa Mama Ngina hapa kisiwani baada ya isha, simama uelekee Likoni ng'ambo ya maji na ungoje feri ivuke ikiwa na taa zake zote. Piga na filta ya bei ya sahani ya biriani. Kwenye anga jeusi juu ya Likoni utakuta safu ya vidoa vya kijani, na ukivitazama vizuri ni taa za feri yenyewe zimepinduliwa kichwa chini. Kidoa hicho ndicho tunachokiita mzimu: taa iliyo kushoto chini, mzimu wake umekaa kulia juu, umbali uleule kutoka katikati ya picha. Isogeze kamera kidogo uone: taa inakwenda huku, mzimu unakwenda kule. Vua filta, vimetoweka.

Feri si hoja, anga unaweza kulisafisha kwa programu. Lakini bibi harusi akiwa jukwaani na zile taa kali za LED zimemzunguka, vidoa hivyo havichagui pa kukaa. Vinatua shavuni, vinatua kwenye hina ya mkono ambayo somo na kina shangazi wameikesha. Nenda kamwambie mamake ni ufundi wa mwanga! Mimi ukumbini filta hainiingii kwenye lenzi, hata ile ya bei ghali, kwa sababu mipako hupunguza mzimu lakini haiumalizi.

Jambo la pili linakuhusu wewe hasa, kwa hiyo lenzi ya 300. Lenzi ndefu, yaani ya kuvuta mbali, hukuza kila kitu, na kasoro za filta nazo hukuzwa. Kioo kikiwa hakikunyooka sawasawa, kwenye lenzi pana, ile ya kuchukua eneo kubwa, hutajua, ila kwenye 300 picha inalegea, na wakati mwingine hata autofokasi, kamera inapojitafutia ukali yenyewe, inababaika. Kijana mmoja aliniletea lenzi yake Nyali akilalamika ameuziwa bovu, ikifika 300 haishiki ukali. Tulilenga mashua iliyotia nanga nje kidogo. Ikiwa na filta, jina lililopakwa rangi ubavuni lilikuwa doa jeupe. Tulipoifungua lile jina likasomeka, na hata kamba iliyopita juu yake ikaonekana nyuzi zake. Lenzi ilikuwa nzima kabisa.

Dukani usisome maandishi ya kwenye boksi, kila boksi limeandikwa maneno mazuri. Itoe filta, ishike chini ya taa ya dari uangalie mwako wake kwenye kioo. Ukiona taa nyeupe kamili, kama unavyojiona kwenye dirisha usiku, hiyo haikupakwa chochote, irudishe. Iliyopakwa vizuri mwako wake ni hafifu, umegeuka kijani au zambarau, karibu uupoteze.

Baada ya hayo yote, yangu ninayo begani na naitumia karibu kila niendapo ufuoni. Sababu ni chumvi. Kusi likivuma, simama Nyali au Bamburi kwa muda tu, kisha pitisha kidole kwenye kioo: kinanata. Rashasha zile zikikauka zinabaki chembe ngumu, na ukizifuta kwa fulana, kama nionavyo vijana wakifanya, unazisaga juu ya mipako ya lenzi. Ongeza mchanga unaorushwa na watoto na ngamia wanaopitishwa pwani. Filta unaivua, unaiosha kwa maji na sabuni laini, unaikausha. Lenzi huwezi kuitia chini ya bomba. Ila tumia maji ya kunywa. Ya visima vyetu vingi yana chumvi yake, utakuwa unaondoa chumvi kwa chumvi. Tena kuna baadhi ya lenzi za Canon za L, zile za daraja la juu, ambazo kampuni yenyewe inasema kinga yake ya maji na vumbi haikamiliki mpaka uvishe filta mbele.

Kuhusu kuanguka siamini sana hadithi za "filta iliokoa lenzi yangu". Kioo cha filta ni chembamba, kinavunjika kwa pigo ambalo kioo cha mbele cha lenzi, kilicho kinene, pengine kisingelihisi. Kikivunjika, vipande ndivyo vinavyokwaruza lenzi. Pesa ya filta mbovu afadhali uinunulie kofia ya lenzi, si kifuniko bali ile ya kuchomoza mbele kama ukingo: inapokea pigo la kwanza na inazuia jua la pembeni, ambalo linaharibu picha kuliko filta yoyote nzuri. Na ukungu wa ndani ya lenzi, yaani kuvu, ugonjwa wetu wa pwani, filta haiuzuii hata chembe. Huo dawa yake ni kuhifadhi lenzi pakavu.

Polaraiza uliyoiulizia mwishoni ni kitu kingine. Hiyo inakata mng'ao juu ya maji na kukolezea anga rangi, lakini inakula mwanga wa stopu moja mpaka mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga nusu, si ya kuiacha hapo siku nzima. Wala usiiweke juu ya filta nyingine, hasa kwenye lenzi pana. Pembe za picha zitaingia giza.

Filta yoyote ukiifunga usikaze, zungusha mpaka iguse tu. Chumvi ikishaingia kwenye nyuzi za kufungia, zile kama za skrubu, na filta ikagoma kutoka, usiibane kwa vidole pande mbili, hapo unaipinda na inazidi kung'ang'ana. Chukua ndara, bonyeza lenzi iangalie chini juu ya soli yake ya mpira, ukingo wote wa filta uguse sawasawa, kisha zungusha lenzi yenyewe. Yangu hutoka hivyo.