Jenereta ya jeshi inazunguka lakini haiwaki: usikimbilie kununua pampu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua mnadani jenereta ya dizeli iliyokuwa ya jeshi la Marekani, MEP-803A ya kilowati 10, ikiwa juu ya trela yake. Imekaa nje kwa miaka. Nimeifungia betri mbili mpya na stata inazunguka vizuri. Siku ya kwanza iliwaka, nikaachia swichi, ikakohoa sekunde chache ikazima. Sindano ya volti haikupanda kabisa. Tangu hapo inazunguka tu, hata moshi haitoi. Fundi mmoja anasema pampu ya nozeli imekufa, ninunue nyingine. Kuna pia swichi yenye kifuniko, imeandikwa BATTLE SHORT. Niliikuta imewashwa nikaiacha hivyohivyo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Halafu nataka kuivuta kwa gari langu kama kilomita 200 hadi shambani. Trela inaonekana nzima.

JIBU: Ndugu yangu, hela ibaki mfukoni kwanza. Pampu ya nozeli ni kitu cha mwisho kushukiwa kwenye mashine hii, na pengine ndicho cha gharama kubwa kuliko vyote utakavyogusa. Injini iliyowaka siku ya kwanza, hata kwa sekunde chache, imeshakuonyesha kwamba kompresheni ipo na nozeli zilipiga dizeli. Ilichoma mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, yakaisha, mengine hayakuja. Kukosa moshi kunasema hilohilo. Dizeli ikifika kwenye silinda bila kuungua, ekzosi hutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta. Ekzosi kavu maana yake dizeli haifiki. Tutafute inakwamia wapi, tukianzia tangini kwenda mbele.

Kabla ya dizeli, hiyo BATTLE SHORT izime leo. Iliwekwa kwa ajili ya vitani: inairuhusu injini iendelee kuzunguka hata oili ikishuka au maji yakichemka, kwa kuwa kuna saa ambazo umeme ni muhimu kuliko injini yenyewe. Wewe hauko huko. Kuikuta imewashwa kunanitia shaka, maana mtu huiwasha akishachoka na mashine inayojizima, badala ya kutafuta kwa nini inajizima. Ukishaizima, soma taa ndogo za hitilafu kwenye paneli. Taa ya mafuta ikikuambia tangi ni tupu na wewe umelijaza, kagua boya la tangini. Likikaa miaka bila kusogea huganda chini, na mashine inaamini haina mafuta. Hadi sasa hilo halijakusumbua kwa sababu ulinzi ulikuwa umezimwa.

Sasa tuje kwenye mkono wako. Kwenye gari, injini ikishika unaachia ufunguo mara moja. Hapa ukifanya hivyo unajikosesha mambo mawili. Swichi kuu ikiwa kwenye START, ulinzi wa oili unarukwa kwa muda, na wakati huohuo betri inatuma umeme kidogo kwenye koili za kuamshia jenereta. Chuma cha jenereta iliyolala muda mrefu hupoteza sumaku iliyobaki ndani yake, na bila huo msukumo wa betri inaweza kuzunguka kutwa nzima isitoe hata volti moja ya maana. Kwa hiyo injini ikishika, endelea kushikilia. Tazama sindano ya oili mpaka ivuke 25 psi, tazama ya volti ikipanda mpaka ikaribie kiwango chake, sikiliza injini itulie. Hapo ndipo uachie. Usiogope kusaga stata, ina swichi ya kasi inayoikata injini ikishachukua. Isiposhika ndani ya sekunde 15, acha stata ipoe kabla ya kurudia. Nadhani volti zako hazikupanda kwa sababu hii tu, ndiyo maana sitaki mtu afungue upande wa umeme kabla injini haijatulia.

Umesema betri ni mpya, lakini hukusema zimefungwaje. Mfumo ni wa volti 24: betri mbili za volti 12 zinafuatana, chanya ya moja inaungwa na hasi ya nyingine. Weka mita kwenye ncha mbili za mwisho. Zikiwa zimejaa na zimepumzika utaona kati ya volti 25 na 25.6. Kisha mtu azungushe stata ukiwa unatazama mita. Zikishuka chini ya 18 hivi, stata bado inaweza kuzunguka vizuri masikioni mwako, huku rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na solenoidi ya mafuta (sumaku ya umeme inayofungua njia ya dizeli) zimekosa nguvu ya kushika. Hapo safisha vichwa vya kebo na pale kebo ya hasi inapofungwa kwenye fremu, mpaka chuma king'ae. Na usiwahi kuchukua volti 12 kutoka betri moja ili kuwashia taa au redio. Moja itakuwa na njaa, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati.

Tuje kwenye dizeli. Chota kutoka chini kabisa ya tangi, siyo juu, ujaze chupa ya kioo na uiache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mara nyingi katikati utaona utando mweusi unaonata kama kamasi. Hao ni vijidudu wanaoishi kwenye mpaka wa maji na mafuta, na ndio wanaoziba filta. Ukiuona, usihangaike kuchuja. Mwaga yote, toa tangi, lisafishe, badilisha filta zote, na mipira ya mafuta iliyokakamaa itupe. Huu mpira una ujanja wake: unaweza kupasuka uzi mwembamba usiovujisha hata tone, lakini pampu ikivuta unaingiza hewa. Fundi akibadilisha filta akaacha mpira wa zamani, atatoa upepo asubuhi na jioni atautoa tena.

Mfumo ukiwa safi, weka swichi kwenye PRIME & RUN bila kuwasha injini, na usikilize. Pampu za mafuta za mashine hii ni za umeme, lazima usikie mlio wake. Kukiwa kimya, angalia kitufe cha dharura kisiwe kimebanwa ndani, halafu kikata umeme cha mfumo wa volti 24, halafu pima kama umeme unafika kwenye plagi ya pampu. Panya hupenda sana mashine zilizoegeshwa, kwa hiyo fuata waya kwa macho hadi mwisho wake. Pampu zikilia, toa upepo kwenye filta mpaka mapovu yaishe. Kisha legeza nati za mabomba ya nozeli nusu mzunguko tu, zungusha stata mpaka kila nati iteme dizeli, ukaze tena. Mkono na uso vikae mbali. Dizeli inayotoka kwenye nozeli au bomba lililopasuka ina shinikizo la kupenya ngozi, na kidonda chake kinaonekana kidogo ilhali mtu anahitaji upasuaji wa haraka.

Kama dizeli inafika kwenye pampu lakini haitoki kwenye nati, hapo ndipo fundi wako anaanza kuwa na hoja. Hata hivyo anza na solenoidi ya kukata mafuta. Zilizo nyingi zina koili mbili, moja ya nguvu ya kuvutia na moja ndogo ya kushikilia. Kijiti chake kisipofika mwisho kwa sababu ya kutu au marekebisho mabaya, koili ya nguvu haizimwi na inaungua. Ikiwa solenoidi inavuta vizuri, basi kuna uwezekano mkubwa sehemu za kupimia mafuta ndani ya pampu zimegandishwa na dizeli ya zamani iliyogeuka kuwa kama vanishi. Zilowekwe kwa dizeli safi, usiku kucha au zaidi, kisha jaribu kuusogeza wenzo wake (kijiti cha kusogezea) kwa vidole. Ikisogea na kurudi laini, umepona. Nyundo isikaribie hapo.

Kuna hatari moja ambayo watu huisahau. Pampu iliyoganda inaweza kuganda ikiwa wazi, na injini ikishika itapanda kasi bila breki. Kabla ya kuwasha baada ya kazi hii, toa bomba la hewa na uwe na ubao bapa, mzito, unaoziba tundu lote. Injini ya dizeli ikikosa hewa inazima hata kama mafuta yanamwagika. Usitumie mkono wala kitambaa, vitavutwa ndani. Oili na maji ya rejeta unavipima kabla ya hayo yote, hilo silielezi. Ila oili ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe kabisa.

Injini ikitulia na volti bado ziko chini, kwanza pima insulesheni ya koili (kizuizi kinachozuia umeme usivuje) kwa mega, yaani kipimo chake maalumu, maana miaka ya unyevu inaingia kwenye nyuzi. Ukipata chini ya megaomu 1, zikaushe taratibu kwa joto dogo kabla ya kuendelea. Chomoa kidhibiti volti kabla ya kugusa mega. Kipimo hicho kinapiga volti 500 au zaidi na kitaua vifaa vyake vya elektroniki papo hapo.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza ila litakuja kukusumbua shambani. Kabla ya yote soma kibao cha mashine, kwa kuwa jeshi lilikuwa pia na ndugu yake wa 400 Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), MEP-813A, anayefanana nayo sana kwa sura, na huyo hafai kwa matumizi ya kawaida. Yako ni ya 60 Hz, yenye ncha nne za sumaku zinazozunguka mara 1800 kwa dakika. Vifaa vyako vikiwa vya 230 V na 50 Hz, taa na vipasha maji havitajali. Mota zitajali. Mota itazunguka haraka kwa asilimia 20, na pampu ya maji inayozunguka haraka kiasi hicho inadai nguvu zaidi ya asilimia 70 juu ya kawaida yake. Wengine huirekebisha gavana (kifaa kinachoshika kasi ya injini) ishuke hadi 1500. Inawezekana, lakini usitegemee tena kilowati 10, na kidhibiti volti kitalazimika kusukuma koili kwa nguvu zaidi ili kushikilia volti zilezile, kwa hiyo pima joto lake.

Swichi ya kuchagua volti ina nafasi za 120 V, 120/240 V na 120/208 V ya fezi tatu, na inageuzwa injini ikiwa imezimwa tu. Kwenye 120/240, zile volti 240 ziko kati ya waya mbili zenye moto, kila mmoja una 120 V kwa ardhi. Ukichukua mmoja wao ukaufanya nyutro ya nyumba ambayo nyutro yake imefungwa kwenye ethi, huku jenereta nayo imefungwa hivyo, umetengeneza shoti. Hapa mwite fundi umeme mwenye leseni, afunge swichi ya chenjiova (ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa laini na wa jenereta). Jenereta ibaki nje ya jengo, mbali na madirisha.

Ikishatoa umeme, usiiache izunguke bila mzigo kwa masaa ukidhani unaipumzisha. Injini ya dizeli isiyopata kazi haipati joto, mafuta yasiyoungua yanakusanyika kwenye ekzosi na kudondoka kama lami. Ipandishie mzigo wa vipasha joto kidogo kidogo hadi karibu robo tatu ya uwezo, uiache hapo mpaka moshi usafike.

Kuhusu trela: hapana, usiivute kilomita 200 hivyo ilivyo. Mashine peke yake ina zaidi ya kilo 500, na trela iliyosimama miaka huonekana nzima kwa sababu hakuna aliyefungua magurudumu. Tairi zina namba nne pembeni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Usidanganywe na meno marefu. Beringi zitolewe, zioshwe, zikaguliwe, zipakwe grisi mpya. Breki za trela nyingi za aina hii zinafanya kazi pale trela inaposukuma gari, kwa hiyo kile kichwa cha mbele kinachoteleza lazima kiteleze kweli. Jeshi la Marekani hutumia mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, ambayo hayachanganywi na DOT 3 wala 4. Hujui yaliyomo ni yapi? Toa yote na ubadilishe vikombe vya mpira. Mbele kuna pete ya chuma inayotaka ndoano maalumu ya kuvutia, siyo kile kichwa cha mviringo kama mpira wa kuchezea kilicho kwenye gari lako, na taa zake ni za volti 24. Ukiziunga kwenye gari la volti 12 zitawaka hafifu, na dereva wa nyuma yako hataona unafunga breki. Badilisha balbu zote na plagi, au safari hii moja ipakie juu ya lori.