Mkopo wa asilimia 10: tulivyoungua mara ya kwanza

Dada, umeuliza mambo mawili: kama hela za halmashauri ni za kurudisha, na kama umpe yule kijana elfu 30 anayosema ni ya kusukuma faili la kikundi chenu.

Elfu 30 usitoe. Hakuna ada ya kusukuma faili. Na hela ni za kurudisha, ila hazina riba. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Watu wanachanganya na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ile ndiyo ruzuku, hairudishwi, lakini huko huendi na andiko la mradi. Kaya maskini zinatajwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, halafu zinahakikiwa.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. 2019 tulikuwa wanawake kumi, kwenye karatasi mradi wetu ni kufuga kuku. Tukapata milioni 5. Hela ilipoingia tu tukagawana laki tano tano, kila mtu na lwake. Banda halikujengwa, kuku hata mmoja hatukumwona. Rejesho lilikuwa kama laki 4 na 17 elfu kwa mwezi, yaani elfu 42 kwa kichwa, na mwanzoni tuliona mchezo. Mwezi wa tano wawili wakahama mtaa, simu hazipatikani. Deni ni la kikundi, kwa hiyo tuliobaki tukapanda hadi elfu 52. Mmoja akasema yeye hawezi kulipia laki tano aliyokula mwenzie, na kusema kweli sikuwa na la kumjibu. Mimi nilikuwa mhazini, kwa hiyo mlango uliogongwa ulikuwa wangu. Niliuza cherehani.

Mara ya pili tulikuwa watano, wote tumejuana miaka kwenye mchezo wa kuchangiana hela kila wiki, kwa hiyo nilishajua nani akikosa hela anakuja kusema na nani anazima simu. Tukaomba milioni 6 za turubai na viti vya kukodisha. Nilishikilia viti kwa sababu moja: viti 200 vilivyorundikwa uani kwa mtu mmoja huwezi kugawana usiku. Fedha tulimlipa muuzaji moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi.

Haikuwa mteremko. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi, na rejesho halijui mfungo. Msibani nako unapeleka viti leo, hela utaidai lini na wafiwa bado wanalia? Tukakubaliana kila Jumatatu nusu ya mapato inakwenda benki kabla mtu hajanunua hata vocha. Hiyo ndiyo iliyotuvusha. Rejesho la mwisho tulilipa Februari 2023, na Aprili serikali ikasitisha mikopo hii kwa muda. Ilirudi 2024.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na fomu, kaeni ninyi wenyewe mjibu: mmoja wenu akihama, nani analipa? Jibu liandikwe kwenye katiba ya kikundi, na wote watie sahihi. Ya kwetu ya kwanza tulinakili ya kikundi cha jirani, hata jina lao tulisahau kulifuta ukurasa wa tatu.

Ukishamaliza hilo, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, si kwa kijana. Beba katiba, muhtasari wa kikao, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za wote na andiko la mradi. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Kama hamna kompyuta mwambie, akuelekeze. Na nenda na mwenzako mmoja, usiende peke yako, ili kesho mtu asiseme umeficha kitu.