Babu mkulima wa Ontario, Kanada: sensa inasema "Scotland" tu, kijiji alikotoka hakitajwi

Usianze na orodha za abiria wa meli. Za bandari ya Quebec kabla ya 1865 ni chache mno zilizosalia, utapoteza wiki nzima bure.

Anza na ndugu zake. Usajili wa serikali Ontario ulianza Julai 1869, na cheti cha ndoa kinataja wazazi wa bwana na bibi harusi, hata ukoo wa mama. Cheti cha kifo cha miaka hiyo hakitaji wazazi, kwa hiyo tafuta mdogo wake yeyote aliyeoa au kuolewa baada ya hapo. Ukishapata majina hayo mawili, vuka bahari: ndugu aliyebaki Scotland akafa kuanzia 1855, cheti chake kitakuwa na baba, na mama kwa ukoo aliozaliwa nao. Cha mwaka 1855 wenyewe ni dhahabu, mwaka uliofuata walipunguza maswali.

Angalia na majina ya watoto. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Binti wa kwanza, bibi mzaa mama. Ni dalili, si ushahidi.

Sensa ya Scotland ya 1841 inadanganya umri: waliozidi miaka 15 walishushwa hadi tano ya karibu, hivyo wa 34 ameandikwa 30. Na ubatizo ukikosekana baada ya 1843, huenda familia ilihamia Kanisa Huru, lililojitenga na Kanisa la Scotland mwaka huo. Daftari lake ni jingine.

Mac na Mc mwanzoni mwa jina la ukoo, tafuta zote.