Jerikeni la kukinga adapta za taa za Krismasi

Taa za Krismasi zikizima uani baada ya mvua, anza kukagua adapta, kile kikasha kinachoshusha umeme wa soketi kwa ajili ya taa. Seti nyingi tunazonunua Kikuubo, soko la jumla la Kampala, zina waya wa taa ulioandikwa IP65, yaani vumbi haliingii na maji yakirushwa hayapenyi. Geuza adapta uone: mara nyingi ina alama ya kijumba, maana yake itumike ndani tu. Sisi huku Entebbe tunaining'iniza ukutani nje, na mvua ya kutoka ziwani huja na upepo, inapiga kwa ubavu.

Kama dirisha liko karibu, usitengeneze kasha lolote. Acha adapta sebuleni, ile nyaya ya volti 12 ndiyo itoke nje. Ikiwa ni ndefu, tumia nene kidogo, la sivyo taa za mwisho zitafifia. Umeme wa volti 240 ukibaki ndani, hata watoto wakichezea taa una amani.

Wasio na dirisha la karibu hukimbilia kopo la chakula lenye mfuniko, wakalizungushia gundi ya silikoni mpaka basi. Mimi siliamini. Adapta ikiwaka hupasha hewa ya ndani. Mvua ikipoza kopo, hewa ile hujikunyata na kuvuta unyevu kupitia tundu za nyaya. Asubuhi utakuta matone chini ya mfuniko, na hayana pa kutokea. Tena silikoni haing'ang'anii plastiki laini ya makopo na majerikeni. Jua likishaipiga, unaibandua kwa ukucha.

Kwa hiyo mimi natengeneza mwavuli, mdomo ukitazama chini. Jerikeni la njano la mafuta ya kula, lita 5, kuukuu, halifiki bei ya rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai). Lioshe kwa maji moto na sabuni, maana mabaki ya mafuta huita siafu na mende. Kata kitako chote kwa kisu, hapo ndipo mdomo; kifuniko cha juu kikaze. Pasha msumari kwenye sigiri (fanyia nje, moshi wake haufai) utoboe tundu mbili ubavuni, usawa mmoja. Pitisha skrubu zishike kipande cha ubao kwa ndani, na chini ya kichwa cha kila skrubu weka kiduara cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Adapta ifunge kwenye ubao, iwe juu kabisa ya mdomo na isibanane na plastiki, kidole kipite. Kisha ning'iniza kwa mpini wake.

Nyaya zote ziingilie chini. Kabla ya kupanda ndani, kila moja ilegee kidogo chini ya mdomo, ili tone linaloteleza juu yake lidondoke pale inapopinda. Weka jerikeni usawa wa kifua, chini ya upenu ikiwezekana. Udongo wetu mwekundu huruka juu mvua ikichapa. Soketi ya ekstensheni nayo inahitaji mwavuli wake, na hapo jerikeni la lita 20 ndilo linatosha.

Mdomo ule wazi una adui mwingine. Wadudu wa ziwani hujaa kwenye taa usiku, mijusi huwafuata, na mjusi akiona pana joto hahami. Funga kipande cha chandarua chakavu kwa uzi; hewa inapita, mjusi habishi hodi.

Kopo angavu, hata kama ni la bure, liache. Jua la hapa ikweta hulifanya livunjike kama biskuti. Na zile adapta kubwa za chuma zenye matundu, zinazochemka ukizigusa, usizifiche kwenye plastiki kabisa.

Mwite fundi umeme akufungie breka ya miliampia 30 kwenye laini ya soketi ya nje, ile inayokata umeme ukivuja. Hiyo itakugharimu kuliko majerikeni yote, na ndiyo pesa ambayo nisingeibania.