Kuhamia ufukweni: mfuko utahimili? Maswali yenu na majibu

Maswali ya kuhamia baharini yamekuwa mengi mno siku hizi, sijui ni picha za machweo mnazorushiana au ni mji tu umewachosha, basi nimeokota yale yanayojirudia niyajibu moja moja. Mengine nitayakalia, mengine nayapita chap.

Swali: Mimi na mke wangu tunastaafu karibuni, pensheni yetu ni ya kawaida tu. Kuishi ufukweni si mambo ya matajiri?

Mstari wa kwanza wa nyumba mbele ya maji ndio, ni wa matajiri, na hapo sijagusa matengenezo. Ila watu wanasahau bahari ni ile ile ukiwa mita 50 au kilomita moja na nusu, na bei inashuka kadiri unavyorudi nyuma, hasa ukifika pale ambapo maji hayaonekani tena dirishani. Unatembea dakika zako 20, unaogelea, unarudi kwako, na bati lako linadumu (la bati nitalifikia). Angalia na ufukwe wenyewe pia, wa mchanga mweupe na maji ya uvuguvugu unalipia hadi picha, lakini wa kokoto, au wa upande wa upepo mkali, au bandari ya wavuvi yenye harufu yake ya asubuhi, bei iko chini na majirani wapo mwaka mzima, kitu ambacho kwa mstaafu naona kina thamani kuliko mandhari. Halafu kabla ya yote ulizeni hospitali iko mbali kiasi gani, maana vijiji vingi vya ufukweni migahawa imejipanga lakini daktari ni wa kusafiri kumfuata.

Swali: Mimi napanga, sinunui. Mbona kodi za huko zinapanda hivi na mishahara ni midogo?

Kwa sababu hushindani na mpangaji mwenzako, unashindana na mtalii. Mwenye nyumba anapiga hesabu, wageni wa siku mbili tatu msimu wa likizo wanamwachia kwa wiki kile ambacho wewe ungemlipa kwa mwezi, sasa mkataba wa mwaka akupe wa nini? Kuna miji unapangishwa miezi ya baridi tu, likizo zikikaribia unaambiwa utoe vitu, na wahudumu wa hoteli zile zile wanalala mbali wanakuja kazini kwa basi. Serikali za miji zimeanza kukaba. Kule St Ives, mji mdogo wa ufukweni kusini magharibi mwa Uingereza, wakazi walipiga kura 2016 kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi hapo kweli, siyo za mapumziko, na Barcelona ikatangaza 2024 kwamba leseni za apatimenti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zikiisha 2028. Mimi ya St Ives naiona nusu nusu, maana nyumba za zamani hazikuguswa na mwenye pesa anabaki huru kuzikimbilia hizo. Wewe tafuta nyumba msimu wa wageni ukiisha, hapo ndio mwenye nyumba anasikiliza, na miezi 12 iandikwe kwenye karatasi, usikubali "tutaongea".

Swali: Si kuna upepo wa bahari? AC ya nini?

Hapa ndipo wengi wanachemka. Upepo upo kweli, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda na ya baharini inaingia kujaza nafasi, utausikia kuanzia saa nne tano asubuhi hivi na alasiri unakolea, usiku mambo yanageuka, upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Na kilo moja ya maji inahitaji joto kama mara tano ya kilo ya mchanga mkavu ili ipande nyuzi moja, ndio maana pwani haipati yale makali ya bara, siyo ya jua siyo ya baridi. Sawa. Lakini maji hayo hayo usiku yanakaa na joto lake hayaliachii, na hewa imejaa unyevu. Mwili unapoa pale jasho linapokauka, sasa hewa ikishashiba maji jasho linakwenda wapi? Linatiririka tu, shuka zimelowa, na nyuzi 31 za pwani ya tropiki zinakutesa kuliko 36 za bara pakavu. Feni inasaidia sana, madirisha yanayotazamana pande mbili yanasaidia zaidi, ila kama mbele yako wamejenga ghorofa refu huo upepo utaishia kuuona kwenye mapazia ya jirani.

Tena si kila pwani ni joto. Lima, mji mkuu wa Peru, iko latitudo 12 tu kusini mwa ikweta lakini mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt unauweka mji chini ya wingu zito na manyunyu miezi mizima ya baridi, na bado mvua ya maana hainyeshi. Swakopmund kule Namibia unaamka na ukungu wa mkondo wa Benguela huku jangwa liko nyuma ya nyumba. San Francisco watalii wanakuja Julai na kaptula wanaishia kununua majaketi, joto la pale linakuja Septemba. Kwa hiyo ramani peke yake haitoshi, tafuta joto la maji ya bahari ya hapo unapokwenda, hilo ndilo litakuambia utalalaje.

Swali: Niko mita kama 100 kutoka majini. Friji imeota kutu, kitasa kimegoma, baiskeli imekufa. Mafundi wananiuzia vitu feki?

Vingine vinaweza kuwa feki, lakini mshukiwa mkuu ni mawimbi. Wimbi likipasuka linarusha vitone ambavyo huvioni, upepo unavibeba, maji yanakauka chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewani kwa hiyo chuma hakikauki hata siku ya jua kali. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha lako asubuhi halafu lamba, utaelewa. Au kagua bawaba: linaanza doa la rangi ya chai pembeni ya kichwa cha skrubu, baadae rangi inavimba hapo hapo, ukibonyeza inabanduka vipande, na siku ukileta bisibisi kichwa cha skrubu kinatoka peke yake, mwili umebaki ndani ya mbao.

Kwenye zege ni balaa zaidi maana huoni kinachoendelea. Chumvi inapenya taratibu mpaka kwenye nondo, nondo inaota kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa, basi zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linapasuka. Unaona ufa mrefu umenyooka, umefuata nondo, chini ya dari ya baraza au kwenye nguzo, na maji ya rangi ya kutu yanachirizika. Ukiona ufa wa namna hiyo kwenye nyumba inayouzwa, tena umepigwa rangi mpya juu yake, shukuru mungu uondoke. Na ukijenga usimruhusu fundi achote mchanga wa ufukweni kuchanganyia, unakuwa umeiweka chumvi ndani mwenyewe siku ya kwanza.

Vitasa na skrubu chukua stenlesi ya namba 316, siyo 304 ambayo ndio inauzwa sana, 316 imeongezwa metali ya molibdeni inayohimili chumvi. Mashine ya nje ya AC na baiskeli vioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara (umeme ukiwa umezimwa jamani). Chumvi ya hewani inapungua haraka sana kwenye mita mia chache za mwanzo, kwa hiyo ukihama mitaa miwili nyuma bajeti yako ya matengenezo inapumua.

Swali: Maji ya kisima changu yameanza kuwa na chumvi. Nichimbe zaidi chini?

Usithubutu. Ardhini huko pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya maji, na hesabu yake ni kwamba kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yako juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inapendeza mpaka uigeuze: wewe na majirani na ile hoteli yenye bwawa la kuogelea mkivuta mpaka maji yakashuka mita moja, chumvi nayo baada ya muda inaweza kupanda kama mita 40. Ukichimba zaidi unaifuata iliko. Vuta kidogo kidogo kwa pampu ndogo ujaze tenki, vuna mvua ya paani, na kama mtaa mzima mna shida hiyo basi ni la kukaa kikao, kisima kimoja hakiwezi kupona peke yake.

Swali: Bahari inapanda kweli au ni maneno ya kutishana?

Inapanda. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20, na kasi imeongezeka, kati ya 2006 na 2018 ilikuwa kama milimita 3.7 kwa mwaka. Utasema milimita si kitu, lakini ufukwe tambarare sentimita chache za kwenda juu zinakula mita za mchanga kwenda ndani, na dhoruba inayokuja inaanzia juu zaidi ya ile iliyopita. Miami Beach kule Marekani barabara zinajaa maji siku ya jua kabisa, bamvua tu imefika (yale maji kujaa sana ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), mpaka wameinua baadhi ya barabara. Rodanthe, North Carolina, tangu 2020 nyumba kadhaa za ufukweni zilizosimama juu ya nguzo zimeanguka moja kwa moja majini. Kwa hiyo kiwanja ukakikague siku ya bamvua, ikiwezekana ile ya karibu na Machi au Septemba ambapo sehemu nyingi maji yanajaa zaidi, simama pale uone yanafika wapi. Dalali atakupeleka maji yakiwa yamekupwa, ufukwe mpana, kila kitu kizuri.

Swali: Dalali huyo huyo anasema kiwanja "kinafika hadi majini". Sawa hiyo?

Nchi nyingi si sawa. Hispania sheria ya pwani ya 1988 inaufanya ufukwe mali ya umma. Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Meksiko mgeni hawezi kumiliki moja kwa moja ardhi ya makazi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, anapitia benki inayoishikilia kwa niaba yake. Nenda ofisi ya ardhi na ramani mkononi kabla ya kutoa hata shilingi.

Swali: Bima?

Iulizie bei kabla hujanunua, siyo baada. Marekani kwa mfano bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, unakata nyingine, na ile ya mpango wa serikali iliyoanza 1968 mwisho wake ni dola 250,000 kwa jengo la familia. Kampuni zikikataa kabisa kukukatia, hizo zina mahesabu kuliko dalali, zisikilize.

Swali: Tuhamie mwezi gani?

Mwezi mbaya kuliko yote ya hapo. Kama ni pwani ya joto nenda pale unyevu umepanda na upepo umekufa, kama ni ya baridi nenda wakati wa dhoruba na maduka nusu yamefungwa, pangeni nyumba hapo miezi miwili mitatu kabla ya kuuza mliyonayo. Na begi la viatu vya ngozi msilisukume uvunguni, mtalikuta limeota fangasi.