Je, taya litakaza baada ya mionzi? Jibu kwa ndugu wa Kadutu

Ndugu yangu wa Kadutu, umeuliza kama kuna namna ya kujua mapema iwapo taya la yaya wako, yaani ndugu yako mkubwa, litakaza baada ya kupigwa mionzi ya saratani ya koo. Ipo, ingawa haitoi uhakika, na inaanza kabla hajavuka mto Ruzizi kwenda kutibiwa Kigali. Nilimuuguza baba mdogo aliyekuwa na saratani ya findo, ile tezi ya kooni, kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona na yale waganga wa hospitali waliyotueleza.

Mpime leo. Afungue kinywa mpaka mwisho, uweke rula kati ya ncha za meno ya mbele, ya juu na ya chini. Watu wazima wengi hufikia milimita 40 hadi 50. Chini ya 35, waganga huhesabu kwamba taya limekaza. Rula ikikosekana, vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima vinapaswa kuingia. Andika namba na tarehe kwenye daftari lake la hospitali, maana anayeanza mionzi kinywa kikiwa kimeshabana yuko kwenye hatari zaidi.

Utabiri wenyewe hasa unategemea mionzi mingapi itapita kwenye misuli ya kutafunia. Kipimo chake kinaitwa grei. Saratani za kichwa na shingo mara nyingi hupewa grei 70 kwenye uvimbe, zikigawanywa mara 35, siku tano kwa juma. Uvimbe ukiwa kwenye findo au nyuma ya pua, misuli hiyo iko jirani na inachomwa pamoja nao. Uvimbe wa kwenye zoloto, pale sauti inapotokea, uko chini, na taya mara nyingi hunusurika. Wastani wa dozi inayopata misuli hiyo ukipita kama grei 40, hatari inapanda, na inazidi kupanda kadiri grei zinavyoongezeka. Kwa hiyo yaya amuulize daktari wa mionzi waziwazi: misuli ya kutafunia ya upande wa uvimbe itapata grei ngapi? Pale wanapopanga mionzi kwa kompyuta baada ya skana, jibu hilo hupatikana kwenye mpango, na kabla ya kuanza huenda wakaweza kuikwepesha misuli bila kuunyima uvimbe dozi yake. Kama alipasuliwa karibu na taya, ongeza hilo kwenye hesabu.

Watu wengi hudanganywa na wakati. Baba mdogo alirudi Bukavu akila bugali na samaki wadogo wa sambaza vizuri, tukamshukuru Mungu. Miezi ilivyokwenda tonge likawa dogo, mwishowe ikawa uji kwa kijiko cha chai. Misuli iliyochomwa hugeuka kovu polepole, na kinywa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi tisa ya kwanza baada ya matibabu. Majirani walisema ni pepopunda, wengine wakasema karogwa, na maneno yale yalimuumiza sana. Mpime kila juma hata kama hajalalamika.

Mazoezi yaanze mapema, daktari akikubali: kufungua, kupeleka taya kushoto na kulia, kuvuta taratibu na kushikilia, mara kadhaa kwa siku. Sisi tulipanga vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi, tukiongeza kimoja kimoja kati ya meno. Kovu lililokwisha kukomaa ni gumu mno kulirudisha.

Meno yaangaliwe kabla ya kusafiri. Yaliyooza vibaya yang'olewe mapema, kidonda kipone kabla ya mionzi, kwa sababu kung'oa baadaye kunaweza kuacha mfupa wa taya usiopona, hata miaka ikipita. Na kinywa kilichotulia kwa muda mrefu kikianza kufunga ghafla, au kukiwa na maumivu mapya, msiseme ni kovu tu: arudi kwa daktari, aangaliwe kama saratani imerudi.