Panga nyumba kwanza, kununua kutasubiri

Dada, nimekuelewa: unarudi na watoto wawili baada ya miaka mingi ughaibuni, na moyo umegawanyika kati ya kijijini kwa wazazi na mjini kwenye kazi.

Tafadhali usinunue wala kujenga ukiwa bado huko. Panga nyumba kwa mwaka mmoja, kwa mkataba wa maandishi, upaone mahali hapo kiangazi na wakati wa mvua. Picha za simu hazionyeshi maji yanayoingia hadi mlangoni mvua ikikolea. Nenda mwenyewe, hata usiku. Fungua bomba, waulize majirani maji hutoka siku zipi, pima mwendo hadi hospitali yenye huduma ya dharura.

Mimi ningeanza na shule. Watoto waliozoea kusoma kwa lugha nyingine wanahitaji walimu wenye subira. Ukiipata shule ya namna hiyo, tafuta nyumba karibu nayo. Wazazi utawatembelea mwisho wa wiki.

Ukifikia kununua ardhi, wakili wako, si wa muuzaji, aikague hati kwenye ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata malipo ya awali. Na kabla hujafunga mizigo, muone mshauri wa kodi kuhusu pensheni yako. Baadhi ya nchi huendelea kuikata kodi hata ukishahama.